Kibao Kisicho na Mbele wala Nyuma

Mimi ni Théophile Kalonda, mwana wa Ferdinand Mulamba, mwana wa Kalonda ambaye jina lake nimelirithi. Babu yangu huyo alilima mpunga karibu na Kasongo, na watu waliogombania mipaka ya mashamba walimwita yeye ashike kamba ya kupimia, kwa kuwa walijua kwamba mkononi mwake kamba haitavutwa kuelekea upande wa mtu yeyote. Baba yangu alikuwa mwalimu wa katekisimu; nusu ya wazee mnaowaona wakipita barabara ya parokia, mwandiko wao aliunyoosha yeye. Mimi nami nilifundisha hesabu na kuandika mpaka nilipoambiwa nipumzike. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusimamishwa mbele ya watu kwa ajili ya uongo. Ninayataja haya ili msomaji ajue kwamba anayezungumza naye si mtu wa kubabaishwa na kila kitu king'aacho.

Yaliyomo humu yalitokea nyumbani mwangu. Niliyoyaona nimeyaandika kama nilivyoyaona. Pale ambapo sikuwapo, niliwauliza waliokuwapo, kila mmoja peke yake, kama nilivyokuwa nikiwauliza wanafunzi dirisha la darasa lilipovunjika. Majibu yao yalilingana.

Iliasi hutengeneza simu kwenye meza ndogo pembeni ya soko, chini ya mwavuli uliofifia rangi. Asubuhi moja palikuwa na waendesha pikipiki waliokuwa wakingoja simu zao, na kati yao alisimama mke wangu Marcelline, ameshika kiwiko cha Louise, mke wa mwanetu Gédéon. Macho ya Marcelline yalizimika polepole, kwa ule ugonjwa wa inzi wadogo wa mtoni, na sasa anajua mchana kwa joto lake tu.

“Mama Louise, simu iko na nini tena?” Iliasi aliuliza.

“Haishike chaji,” Louise alijibu.

Iliasi aliiinua simu ya Marcelline, akaiwekea kioo chake cha kukuzia, kisha akawageukia waendesha pikipiki. “Itashika chaji na nini? Tundu lenyewe liko wapi? Angalieni, wandugu, huyu mama amechimba hapa kuliko watu wa Salamabila! Mama, dhahabu ulipata?”

Watu walicheka. Mmoja alipiga honi.

“Sikupata, mwanangu,” Marcelline alijibu. “Lakini wewe nawe uchimbe ukiwa umefumba macho, halafu uje unieleze.”

Kicheko kilikatika. Iliasi alikohoa, akaomba radhi, akasema ulikuwa mchezo tu. Kisha akaongea kwa upole, na upole ule ulimuumiza Marcelline kuliko mchezo. Tundu la kuchomekea waya lilikuwa limekwisha. Alikuwa amelirudisha tena na tena, na sasa hata sehemu lilipokuwa limeshikiliwa ilikuwa imeng'oka. Waya una upande mmoja unaoingia na upande mmoja usioingia. Anayeusukuma upande usiofaa kwa nguvu, huvunja. Angeweza kuwapatia simu nyingine.

“Na hiyo nyingine nitaivunja vilevile,” Marcelline alisema. “Twende nyumbani, Louise.”

Louise aliniambia kwamba vidole vya mama mkwe wake vilikuwa vikizunguka juu ya simu njia nzima, vikiligusa lile tundu, kama mtu anayegusa jino lililovunjika.

Ni lazima nieleze kwa nini simu ile ilikuwa na uzito katika nyumba hii. Kitinda mimba wetu, Sidonie, anaishi Salamabila, ambako huwapikia wali watu wa machimbo. Mahali anapopikia mtandao haufiki. Akipata nafasi, hupanda kilima kilicho nyuma ya vibanda, akamwita mama yake. Inaweza kuwa asubuhi, inaweza kuwa wakati wa jua kali. Hakuna saa iliyopangwa. Kwa hiyo Marcelline alikaa na simu yake kwenye mfuko wa kitambaa shingoni, na ilipolia hakumwita mtu. Aliijua kwa kidole kitufe cha kupokea. Kutafuta maji ya kuoga ilimbidi aombe mtu, kwenda ibadani ilimbidi ashikwe mkono, hata kujua kama kitenge alichovaa kimegeuzwa ilimbidi aulize. Kuzungumza na Sidonie tu ndiko ambako hakumwomba mtu.

Gédéon alitoka Lusangi alasiri, vumbi la mpunga likiwa bado kwenye nyusi zake. Hununua mpunga kwa wakulima wa huko na Louise huuza mchele sokoni. Si mtoto mbaya. Nilimlea mimi, na ninasema hivyo kwa uhakika. Alikula, akanawa, kisha akasema alichokuwa amekifikiria barabarani.

“Mama, nimechoka na hii shauri ya tundu. Simu ya Louise iko na nafasi ya kadi mbili. Namba yako itaingia humo. Sidonie akiita, Louise atapokea, akirudi jioni atakuambia alichosema.”

“Ataniambia,” Marcelline alirudia.

“Yote, mama,” Louise alisema haraka. “Sitaacha neno.”

“Najua, binti yangu. Na kicheko chake utaniletea ndani ya kikapu cha mchele?”

Louise aliinamisha kichwa. Gédéon aliniangalia mimi, akitaka nimsaidie. Niliona ana haki, na niliona pia kwamba haki yake ingemwachia mama yake kitu kidogo mno cha kuishi nacho.

Hapo ndipo aliposema Laetitia, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa amerudi kutoka Kindu baada ya masomo ya umeme. Alikuwa amekaa kizingitini, akiigeuza simu ya bibi yake mkononi.

“Papa, subiri mpaka Jumapili. Usitoe kadi.”

“Utalitengeneza tundu ambalo Iliasi ameshindwa?”

“Hapana. Nitaondoa tundu kabisa.”

Gédéon alicheka kwa uchovu. “Umeenda Kindu kusoma ili simu iwe inakula umeme kupitia wapi? Kwenye ngozi?”

“Ndiyo, papa,” mtoto alijibu bila kucheka. “Kwenye mgongo.”

Alikubaliwa mpaka Jumapili baada ya misa.

Nilimfuata kwa macho siku hizo zote, kwa sababu ninapenda kujua jambo kabla ya kulikataa. Alichukua ubao mpana kama sahani. Alikata makopo ya maziwa ya unga akapata mikanda myembamba ya bati, akaisugua kwa mchanga mpaka rangi yote ikatoka, akaipigilia kwenye ubao, mkanda kando ya mkanda, na kati yake akaacha ufa. Chini ya ubao alilehemu nyaya: mkanda wa kwanza kwenye upande chanya, wa pili kwenye hasi, wa tatu chanya, wa nne hasi, mpaka mwisho. Umeme ulitoka kwenye betri ya paneli iliyo juu ya paa letu, ukapitia kwenye kifaa cha kuupunguza nguvu ili usiiunguze simu.

Mgongoni mwa simu alibandika kipande cha plastiki chenye vijicho vinne vya chuma, vidogo vya mviringo, vilivyochomoza nje: vitatu kwenye pembe za pembetatu na kimoja katikati.

“Nionyeshe kichwa cha kibao hiki,” nilimwambia.

“Hakina kichwa, koko,” alijibu; koko ndivyo anavyotuita sisi babu na bibi.

“Na simu inaelekea wapi?”

“Popote. Upande, kinyume, mshazari. Koko Marcelline ataitupa tu juu yake kama anavyotua sahani.”

Sikupendezwa. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba daftari lina juu na chini, kwamba mstari unaanzia kushoto, kwamba kiti kinaelekezwa mbele. Kitu kisicho na upande wake niliona kama mtoto asiyejua pa kukaa wageni wanapoingia.

“Na chanya kikikutana na hasi?” niliuliza. “Nilivyofundishwa, hapo pana moto.”

“Havikutani, koko. Kila kijicho ni chembamba kuliko ufa, hakiwezi kukanyaga mikanda miwili mara moja. Na mtu akisahau kijiko juu yake, nimeweka fyuzi. Itakatika hiyo, nyumba itabaki.”

“Lakini simu haijui kijicho kipi kimeangukia chanya na kipi hasi. Leo hiki, kesho kile.”

Macho yake yaling'aa. Nadhani swali hilo alikuwa akilingoja kwa hamu. “Haijui, ndiyo. Kwa hiyo ndani nimeweka diodi. Koko, unajua mgono wa samaki wa Lualaba? Samaki anaingia, hatoki. Diodi ni mgono wa umeme. Kila kijicho kina migono miwili. Umeme ukija kwa kijicho hiki au kile, migono inauelekeza njia moja tu, mpaka kwenye betri ya simu. Simu inaona kila siku umeme umekuja kwa mlango uleule.”

Nilikaa na jambo hilo. Kisha nikafanya kile ambacho mwalimu wa hesabu hufanya. Nilichukua chaki, nikachora mikanda yake sakafuni, nikakata karatasi ngumu, nikaitoboa matundu manne kama vijicho vyake, nikaanza kuizungusha. Nilikuwa natafuta mkao ambao vijicho vyote vingeangukia aina moja, au vyote vingedumbukia kwenye nyufa. Niliigeuza kidogo kidogo. Pembe mbili zilipokuwa kwenye chanya, ya tatu au ya katikati ilikuwa kwenye hasi. Nilipoihamisha ile ya hasi, nyingine ilishika nafasi yake. Niliwasahau wageni waliokuja kunisalimu; waliniona mzee mzima nimepiga magoti juu ya chaki, wakarudi walikotoka. Sikuupata mkao ule. Nilisimama magoti yakilia, nikamwambia Laetitia kwamba hesabu yake ni safi. Yeye akasema vipimo hivyo si uvumbuzi wake, alivisoma na kuvinakili. Nilipenda kwamba alisema hivyo.

Muda wote huo Marcelline alikuwa uani, akimenya karanga. Alisikia sauti zetu. Hakuna aliyemwita.

Laetitia alipomaliza alimshika mkono, akamwekea simu kwenye kiganja, akasema, “Koko, tua hapa.”

“Upande gani?”

“Wowote.”

Marcelline aliitua kwa woga, polepole, akingoja kusikia kitu kinavunjika. Simu ilitoa mlio mdogo wa kushika chaji. Aliiinua, akaigeuza, akaitua tena. Ikalia. Akaiweka mshazari. Ikalia. Akaanza kucheka, na akaendelea kuitua na kuiinua mpaka Louise akamwambia ataichosha.

“Louise, njoo ukosee,” alisema. “Njoo ujaribu kuikosea, uone kama utaweza!”

Siku zilizofuata nyumba ilitulia. Ijumaa, wakati kila mtu yuko kazini kwake, Sidonie alipanda kilima chake, na mama yake akapokea. Nilipotoka shambani nilimkuta anaimba. Gédéon mwenyewe alipokuwa akipita karibu na kibao alianza kutua simu yake juu yake kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba mgongo wa simu yake hauna vijicho, akaiondoa kabla mtu hajamwona. Nilimwona.

Jumapili tulirudi kutoka misa. Gédéon hakukaa hata kidogo. Aliichukua simu ya mama yake kutoka kwenye kibao na kubonyeza kitufe. Kioo kilibaki cheusi.

“Imelala hapa tangu lini?”

“Tangu jana jioni,” Marcelline alisema. “Nimeitua kama kila siku.”

“Ilikulilia ulipoitua?”

“Sikumbuki.”

Gédéon aliitua mwenyewe. Kimya. Akaigeuza. Kimya. Akaisukuma pembeni kabisa, ikalia, akaondoa mkono, ikazima. Alimgeukia binti yake.

“Mama Injinia, ulisema haina mbele wala nyuma. Naona sasa iko na mbele, mbele yenyewe iko kwenye kona hii, kwa siku ya sikukuu tu.”

Laetitia alikuwa tayari amepiga magoti na kipimo chake cha umeme, kile chenye sindano mbili. Aligusa mkanda huu na ule. Namba ilitokea kwenye kioo cha kipimo. Aligusa miwili mingine. Namba ileile. Aliizungukia yote, na kila mahali umeme ulikuwapo, kamili, kama siku ya kwanza. Alifungua mgongo wa simu, akapima migono yake, ilikuwa mizima. Alirudisha simu juu ya kibao. Kimya.

“Umeme uko,” alisema. “Papa, uko hapa. Kipimo kinauona. Simu haiuoni.”

“Basi mpe mama kipimo azungumze nacho na Sidonie.”

Lilikuwa neno kali, na alilijutia palepale, niliona. Lakini lilikuwa limekwisha kusemwa. Louise alitazama sakafu. Marcelline alivua ule mfuko shingoni, akaukunja vizuri mara mbili, akaunyoosha mbele yake, hewani, mahali alipodhani mwanawe amesimama. Gédéon alikuwa upande mwingine.

“Chukua kadi, Gédéon. Mutoto amejaribu. Msimgombeze kwa ajili ya mikono yangu. Kila kitu ninachokishika kinakufa.”

Hakuna aliyeupokea mfuko. Mkono wake ulibaki hapo.

Mimi nilikuwa nikifikiria jambo moja tu, nalo lilinisumbua kama hesabu iliyokataa kutoka. Sindano inaona, kijicho hakioni. Kuna tofauti gani kati ya sindano na kijicho? Sindano ni kali. Kijicho ni cha mviringo. Niliomba miwani yangu, nikainama juu ya mikanda. Pale ambapo Laetitia alikuwa amegusa kwa sindano palikuwa na mikwaruzo midogo, na kandokando ya kila mkwaruzo palikuwa na unga mweupe, mchache mno. Nilipitisha ukucha. Ukucha ulirudi na kitu. Nilikileta puani, na nikanusa misa ya asubuhi.

“Marcelline,” nilisema, “umekipaka nini kibao cha mtoto?”

“Mshumaa,” alijibu, kama mtu anayeulizwa jina lake.

Nyumba nzima ilimgeukia.

“Mshumaa, koko?” Laetitia aliuliza.

“Jana ilikuwa Jumamosi.” Alielekea kushangaa kwamba tunahitaji maelezo. “Niligusa hicho kitu chako, nikasikia bati tupu, limesuguliwa mchanga, halina mafuta wala chochote. Mvua zimeanza. Bati kama hilo litaota kutu. Nikafanya kama ninavyofanya uso wa pasi.”

Hapo mimi na Gédéon tulielewa pamoja, naye Laetitia, aliyekuwa mdogo mno wakati huo, ilibidi aelezwe. Kwa miaka mingi, mpaka macho yalipomkatalia, Marcelline alikuwa mpiga pasi wa vitambaa vya altare. Kila Jumamosi aliwasha makaa, na kabla hajagusa kitani alipitisha mshumaa kwenye uso wa pasi, akaufuta kwa kitambaa, mpaka chuma kikawa laini na kikateleza bila kuchafua. Pasi ya parokia haikuota kutu hata siku moja mikononi mwake. Alikuwa amekitendea kibao kile jambo la heshima kuliko yote aliyoyajua. Na nta ile, nyembamba, isiyo na rangi, ilikuwa imekaa kati ya vijicho na mikanda kama ukuta. Sindano ya kipimo ilipenya. Simu ilibaki nje.

Laetitia alikaa chini sakafuni. Nilidhani anataka kulia, kumbe alikuwa anajikasirikia.

“Sikukuambia kwamba lazima viguse,” alisema. “Nilimwambia koko Théophile. Nilimwambia papa. Hata jirani nilimwambia. Wewe nilikuambia ‘tua hapa’, basi.”

“Hukuniambia,” Marcelline alikubali. Hakulisema kwa hasira. Mkono wake ulikuwa bado umeunyoosha mfuko. Sasa aliurudisha polepole, akauweka magotini. “Nta ndiyo tatizo?”

“Ndiyo, koko. Nitaikwaruza kwa kisu.”

“Kisu!” Alishtuka kana kwamba mtu ametaja kukata kitambaa cha altare. “Utalichimba bati, halafu kutu itaingia kwenye michirizi. Mutu haondoe nta kwa kisu. Louise, makaa yapo?”

“Yapo, mama, nilikuwa napika.”

“Ijaze pasi. Mniletee ile karatasi ya kaki ya kufungia sukari. Laetitia, zima umeme wako.”

Laetitia alichomoa nyaya, kisha akasema kwa wasiwasi, “Koko, chini nimelehemu. Moto ukiwa mkali risasi ya kulehemia itayeyuka.”

“Unataka moto wa kitani au moto wa hariri?”

Mtoto hakujua. Alinitazama mimi. Nami nikamtazama Marcelline.

“Ule mdogo,” Laetitia alisema.

“Wa hariri.” Marcelline aliisogeza pasi karibu na shavu lake, bila kuligusa, akangoja, akaipunga hewani, akairudisha tena shavuni, mpaka ikamridhisha. Alitandika karatasi juu ya mikanda, akapitisha pasi taratibu, mkono mmoja ukiisukuma na mwingine ukitangulia kuonyesha njia. Karatasi ilianza kuonyesha mistari ya giza, mmoja kando ya mwingine: nta ilikuwa inatoka kwenye bati na kuingia kwenye karatasi, ikiacha picha kamili ya kibao, mkanda na ufa, mkanda na ufa. Niliitazama picha ile kuliko nilivyoitazama chaki yangu. Alibadilisha karatasi, akarudia. Kisha akasugua kwa majivu makavu na kitambaa, akafuta vijicho vya simu, akapitisha ncha ya kidole kwenye kila mkanda.

“Sasa iko uchi,” alisema. “Sasa nifundishe.”

“Nini, koko?”

“Ulichowafundisha hawa wote. Nilisikia mgono, nilisikia samaki. Nilikuwa namenya karanga. Nifundishe mimi mwenye simu.”

Laetitia alichukua kidole cha bibi yake akakiweka kwenye mkanda wa kwanza. Huu chanya. Akakisogeza. Huu hasi. Kisha akampitisha kwenye vile vijicho vinne mgongoni mwa simu.

“Kama vile zamani kanisani,” Marcelline alisema. “Benchi la wanaume, benchi la wanawake. Lakini hapa yamechanganywa, la hawa, la wale.”

“Ndiyo hivyo!”

“Na hivi vinne ni wageni. Wakiingia vyovyote, mmoja atakaa na wanaume, mmoja atakaa na wanawake.”

“Koko, mimi kule Kindu ilinichukua muda kuelewa hivyo.”

“Na ni lazima waguse benchi, wasikalie kitambaa.”

“Ngozi kwa ngozi, koko.”

“Unasikia mutoto anavyosema mbele ya koko yake!” Marcelline alipiga makofi, na Louise akacheka mpaka akafunika uso kwa kanga. Hata Gédéon alitabasamu, akiangalia pembeni.

Laetitia alirudisha nyaya. Marcelline hakutua simu yeye. Alimnyooshea Gédéon, na safari hii aliijua sauti ya pumzi yake, mkono ukaenda sawasawa.

“Itupe wewe. Ikosee.”

Gédéon aliishika, akaizungusha kiganjani bila kuitazama, akaiachia juu ya kibao, kichwa kikielekea mlangoni, nusu ikining'inia pembeni. Ililia.

Aliigeuza, ikalia. Akakaa kando ya mama yake, akauchukua ule mfuko magotini mwake, akamvisha shingoni kwa mikono yake miwili.

“Namba yako ni yako, mama,” alisema.

Katikati ya juma Sidonie aliita, wakati nyumba haina mtu mwingine. Tuliporudi, Louise alimuuliza habari za Salamabila. Marcelline alisema wanaendelea vizuri. Louise aliuliza tena, ni nini hasa alichosema wifi yake, kwa maana mazungumzo yalionekana yalikuwa marefu na chaji imepungua.

“Mambo yetu,” Marcelline alijibu, akaitua simu kwenye kibao bila hata kuuliza kiko wapi.

Mimi nilikuwa mlangoni, nikalisikia jibu hilo, nikapita zangu.

Ninyi vijana mnaonisoma, mlio na shule nzuri na mikono myepesi, simameni wima mnisikilize. Mkiona mzee anavunja kitu, msikimbilie kumnyang'anya. Kwanza kichunguzeni kitu chenyewe, muone kama hakiwezi kugeuzwa kikaufuata mkono wake. Hilo Laetitia alilifanya, na ninalisifu. Lakini msiishie hapo, kwa maana hapo ndipo nyumba yetu ilipoanguka. Mkishatengeneza, kaeni chini na mwenye mkono huo, mumweleze kitu kinavyofanya kazi mpaka ndani, kabla ya kumweleza baba, kabla ya kumweleza mwalimu mstaafu anayependa maswali. Msimwambie “tua hapa” mkaondoka. Ninalidai hili kwenu, siwaombi. Na kama kuna anayeona ni maneno ya mzee, amwite Marcelline amuulize. Simu yake iko wazi.